Gita Lililonadiwa

Akheri, Meru
21 Agosti 1994

Mpendwa kaka Philemoni,

Shikamoo. Hujambo huko Ujerumani, na baridi imekuachia masikio? Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua kidogo, ila kuchuma kahawa anakwenda, na ukimzuia anakuja juu.

Kaka, nina hasira, na nina furaha pia, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Lile gita la umeme ulilotuma kwa kwaya, ukaagiza nilipige mimi, lilianza kuniaibisha tangu Pasaka. Nalipanga sauti vizuri, wimbo haujafika katikati limeshalegea. Mwalimu wetu wa kwaya, Sumari, akawaambia wanakwaya mbele yangu, "Si nilisema? Gita si kazi ya wasichana." Nilikwenda kulia chooni, sikufichi.

Halafu, bila hata kuniuliza, akalitoa sadaka siku ya mavuno. Unaujua mnada wetu baada ya ibada: mayai, ndizi, mbuzi, na safari hii gita lako. Akalinadi mwenyewe huku anacheka, "Nani ataniondolea mzoga huu?" Baada ya maneno hayo nani angelitaka? Nikalichukua kwa jogoo mmoja. Mdomo wake mwenyewe ndio ulionishushia bei.

Nyumbani nikalichunguza. Pale shingo inapokutana na kichwa kuna vibao vitatu vya chuma, kila kimoja kinabana nyuzi mbili kwa skrubu. Nyuzi zilikuwa zimevichimba mifereji, kwa hiyo hata ukikaza vipi zinateleza. Ulinunua mtumba, kaka, na aliyekuwa nalo alilipiga kwelikweli. Nikavisugua kwa tupa, nikamalizia kwa msasa niliotandika juu ya kioo, mpaka vikawa bapa. Nikichoka namkumbuka Sumari, naendelea. Nyuzi mpya nilipata mjini, siku hizi maduka yana kila kitu. Nikazibana. Halijalegea tena.

Sumari aliposikia gita limepona, alikuja mwenyewe, mpole ajabu. Mashindano ya kwaya yalikuwa yamekaribia.

"Mwanangu, lile gita ni mali ya kwaya," akasema.

"Shikamoo mwalimu," nikamjibu. "Yule jogoo alikuwa mtamu?"

Jana nimewapigia kwaya ya Poli, anakoimba binamu Anneth. Tumekuwa wa kwanza. Kwaya ya Sumari imeshika mkia. Muda wote niliokuwa napiga nilimtazama yeye tu, na yeye akawa anatazama viatu vyake. Wanakwaya wenzangu wamenuna, hawaniamkii, na hilo linaniuma. Lakini walikuwepo aliponidhalilisha, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mama ananisihi nikapatane naye, maana ni mzee wa kanisa na mimi ni mtoto. Nitakwenda, kaka. Nitamsamehe kabisa, kwa moyo wote. Ila kwanza niacheni nishibe.

Msalimie wifi Fransiska na wanao. Shangazi Evaresta na mjomba Ndesanjo wanakukumbuka sana. Mungu akutunze ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Elirehema