Asilimia Nisiyoipima

Igawa, Jumanne

Leo mimi, karani wa mapokezi, nilikuwa wa kwanza kuwalaumu wakulima. Mpunga umeota ukungu kwenye ghala la ushirika, nikasema wameuleta mbichi.

Mama Neema, msimamizi wetu wa ubora, hakubishana. Alifuata namba ya magunia kwenye daftari la mapokezi hadi akafika kwenye saini yangu. "Shikamoo tena, mzee wangu," akasema, wapakiaji wakacheka. "Hii asilimia kumi na tatu ya unyevu, ulipima na nini?"

Na meno, nikakiri. Niliuma punje, kama tulivyofanya kule bondeni Usangu kabla hatujahamishwa kupisha hifadhi, nikaandika namba iliyopendeza.

Zamani, kabla ya kuyapa magunia namba, tungetoa shehena nzima na kununiana msimu mzima. Leo tumetoa magunia tisa tu. Daftari nililolidharau ndilo lililookoa jasho la watu.

Akaniuliza kama kuna magunia mengine niliyoyapima kwa meno. Nilijibu ni hayo tu.

Si kweli. Tangu mavuno yaanze sijagusa kile kipimo cha unyevu tulichopewa na ushirika. Mimi niliyesoma vitabu vyote hivi niliona haya kuuliza kinawashwaje.

Kesho, kabla mzigo haujapakiwa, nitamwambia yote. Na nitamwomba anifundishe, wale waliocheka wakiwepo.