Masalu Anampenda Nani

Jumatatu, 21 Julai

Sijawahi kumwambia mtu: daftari linalozunguka kidato cha tatu nimeliandika mimi. Hadithi ya Masalu. Niliiacha kwenye dawati bila jina, kwa herufi kubwa tupu ili mwandiko usijulikane. Leo limefika dawati la tisa. Nimejifanya nasoma baiolojia.

Wanabishana kweli. Masalu ni broka wa dhahabu. Amewauza wachimbaji kwa mwenye duara, yaani shimo wanalochimba, halafu polisi walipokuja akawatorosha walewale. Yuko upande gani? Hata mimi sijui. Ila kinachowasumbua ni ukurasa wa mwisho. Masalu anamwambia Tunu, binti muuza uji: "Nenda salama, mayu."

Joshua, aliyehamia kutoka Moshi, kasema ni Kiingereza. "Mai, yu. Wangu, wewe. Jamaa kafa kaoza!" Darasa likalipuka. Kabula, ninayekaa naye dawati moja, akamjibu, "Mjinga wewe, mayu ni mama kwa Kisukuma." Joshua hakushindwa: "Mwanaume mzima anamwita binti mama, halafu hampendi?"

Furaha. Na woga kidogo.

Jumanne, 22 Julai

Wamegawanyika. Timu Mpenzi na Timu Binti, wameandika ubaoni. Timu Binti wanasema Tunu ni mtoto wake wa siri. Timu Mpenzi wanasema baba zao huwaita mama zao mayu. Kweli. Neno hilo huenda kwa mama, kwa mke, kwa binti. Sikulifikiria hilo.

Daftari limevuka kwenda kidato cha nne.

Jumatano, 23 Julai

Kosa ni langu. Niliandika kwamba Masalu hupuliza mzani mara tatu kabla ya kupima. Katoro nzima anayefanya hivyo ni mmoja tu. Baba Kabula.

Dada mmoja wa kidato cha nne kamtambua. Kasema pale bombani, mbele ya watu: "Kumbe siyo hadithi. Baba Kabula ana kabinti kule machimbo ya Rwamgasa." Hakuna aliyeuliza ushahidi. Kabula alikuwa kwenye foleni. Aliacha ndoo yake palepale akaondoka.

Sijala.

Alhamisi, 24 Julai

Kabula hakuja. Mama muuza dagaa sokoni anajua tayari, hata jina la Tunu analo. Tunu hayupo! Nimemtunga! Nilisimama mbele ya meza yake nikataka kusema. Nikanunua dagaa nikaondoka.

Mimi ni mwoga. Naandika ili nilione neno lenyewe.

Ijumaa, 25 Julai

Mwalimu aliuliza Kabula yuko wapi. Joshua, jirani yao, akajibu taratibu, bila utani: mama yake anamhamisha. Kesho wanapanda basi la saa mbili asubuhi kurudi kwao Shinyanga, mama na watoto wote. Baba Kabula ameapa kwa Biblia. Mama hakumsikiliza.

Ninachokijua peke yangu: maneno yale ya Masalu, Baba Kabula aliniambia mimi. Mwezi wa tano mama yangu alinituma nikauze dhahabu yake, chembe aliyoipata kwa kuponda mawe wiki nzima, ndogo kama punje ya ulezi. Nilikuwa na sare ya shule. Baba Kabula akapuliza mzani, akapima, akanilipa. Akasema, "Nenda salama, mayu." Kama anavyomwambia Kabula kila asubuhi. Mimi baba sina. Siku hiyohiyo nilianza daftari.

Aibu kulisema hili. Nikinyamaza, Kabula anaondoka.

Jumamosi, 26 Julai

Nilifika kwao saa moja. Mabegi mawili na gunia la mchele vilikuwa mlangoni. Nilipiga magoti nikamwamkia Mama Kabula. Aliitika marahaba bila kuniangalia. Nikamwambia daftari ni langu.

"Wewe? Wewe usiyeongea?"

Nikaomba karatasi. Nikaandika mstari wa kwanza wa hadithi kwa herufi zilezile. Alizitazama sana, akamwonyesha Kabula, naye akakubali kuwa ndizo. Nikamweleza habari ya mzani, na kwamba aliyeitwa mayu ni mimi.

"Alikuambia hivyo mbele za watu?"

"Ndiyo, mama. Kulikuwa na foleni."

Akaketi juu ya gunia. "Huyu baba, kila mtoto wa kike kwake ni mayu. Hata wa jirani anayenyonya." Akajifuta uso kwa kanga. Honi ya basi ikasikika kutoka stendi. Hakuna aliyeinuka.

Kabula alisikia yote. Alichukua begi moja akaingia nalo ndani. Nikabeba la pili, nikaliweka mlangoni pa chumba chake.

Kisha nikaenda kwa yule dada wa kidato cha nne, nikachukua daftari, nikamwambia yote. Kutoka hapo nikaenda sokoni. Mama muuza dagaa alikuwa na wateja watatu. Sikungoja waondoke. Nilimwamkia, nikasema ni mimi niliyeandika, na Tunu nilimtunga. Mteja mmoja aliuliza, "Anasemaje?" Nikarudia kwa sauti zaidi.