Kona ya Mfenesi

Jumapili, 1 Juni

Mvua alfajiri, jua saa nne. Nimefagia majani kwenye reli kabla ya chai. Mzunguko mmoja mzima wa bustani, kutoka barazani hadi migombani na kurudi, treni yangu ndogo ikiwa tupu. Mlima imepanda vizuri. Betri mbili za gari zinatosha. Lakini kwenye kona ya mfenesi imelia. Chuma kikisugua chuma. Sikuipenda ile sauti.

Fundi wangu Ssalongo, kama tunavyomwita baba wa pacha, amekuja baada ya misa. Yeye ndiye aliyechomelea kila kitu hapa, kichwa cha treni, mabehewa mawili, reli zote, kwenye kibanda chake Katwe, mtaa wa mafundi. Mwaka na nusu. Mimi nilichora tu, na kusimamia, na kulalamika. Amepiga magoti pale konani akaweka kile kipande cha chuma anachopimia upana wa reli. Kikacheza. Mataruma matatu, zile mbao zinazoshika reli zisiachane, yamepasuka kwa mvua.

"Hajati, hapa usipitishe mutu. Treni tupu, sawa. Mutu, hapana. Nipe Alhamisi nifunge vyuma."

Nikamwambia Alhamisi haiwezekani. Ijumaa ni Idi, dada Rukia anakuja kutoka Jinja, sitaki cheche na masizi bustanini. Aje wiki inayofuata. Akaitazama reli, akanitazama mimi.

"Basi mutu asipande."

Nikasema sawa.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwaga kokoto mpya kwenye kona. Nyeupe, zinapendeza. Zimefunika yale mataruma yaliyopasuka. Nilijiambia ni usafi wa Idi.

Rukia amepiga simu. Ameuliza kama bado nachezea "garimoshi la mjane". Akacheka sana. Miaka miwili tangu mume wangu Salim afariki, na kila ninachofanya peke yangu kwa Rukia ni kichekesho. Ataona.

Ijumaa, 6 Juni. Idi

Siwezi kuandika leo. Mama Aber amevunjika mkono.

Jumamosi, 7 Juni

Niandike yote, nisijipambie.

Baada ya swala na pilau tulikuwa watu kama kumi na tano bustanini. Rukia na wanawe. Jirani zangu wa ukuta mmoja, Afande Ocen, polisi mstaafu, na mkewe Mama Aber. Betty, niliyemfundisha zamani, sasa ana shule yake ya chekechea kule Bukoto. Treni ikazunguka tupu mara mbili. Wakapiga makofi. Nilikuwa na furaha kama mtoto.

Rukia akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe haibebi mtu. Basi ni kama vyombo vya kabatini, vya kutazama tu."

Nikamgeukia Mama Aber. Alikuwa ameniomba tangu Pasaka. Nikamwambia panda. Akavua viatu, akavishika mkononi, akajikalisha kwenye behewa la nyuma na gomesi, gauni lake refu la sikukuu, anacheka. Mimi mbele, mkono kwenye swichi. Mzunguko wa kwanza nilikwenda polepole. Kona ikalia, tukapita. Makofi. Mzunguko wa pili nikaongeza mwendo.

Miaka thelathini nimefundisha fizikia. Najua uzito hufanya nini kwa reli ya nje kwenye kona. Nilijua mkono wangu ukiwa pale pale kwenye swichi. Reli ikafunguka. Kichwa kilipita. Behewa lake halikupita.

Aliangukia mawe ya kitalu. Sikuwahi kumsikia Mama Aber akipiga kelele. Alitapika kwa uchungu.

Na hilo si baya zaidi. Afande Ocen alikuwa chini amemshika mkewe, akainua uso. "Mwalimu, nini imetokea?" Wote wananitazama. Rukia ananitazama. Nikasema, "Ni kuchomelea. Yule fundi wangu wa Katwe alichomelea vibaya."

Nikamtaja na jina. Hakuna aliyeniuliza jina.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kumwona Mama Aber. Plasta hadi kwenye kiwiko. Alinifariji yeye. "Usijilaumu, dada yangu. Mafundi wa siku hizi." Akaniletea karanga kwa mkono wa kushoto. Nilizila. Nilitikisa kichwa kukubali.

Jioni Betty akapiga simu. Alikuwa amemwagiza Ssalongo bembea za shule yake. Mimi ndiye niliyewakutanisha. Sasa ameghairi. "Ni watoto wa wenyewe, Madam. Siwezi." Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikasema, "Naelewa."

Jumanne, 10 Juni

Ssalongo amepiga simu mara tano. Sikupokea.

Saa kumi amekuja mwenyewe. Akabisha hodi getini, akabisha tena. Geti lilikuwa wazi. Akaingia moja kwa moja hadi konani. Nilimwona kutoka nyuma ya pazia la chumbani. Akachota kokoto kwa viganja mpaka mbao zikaonekana. Akapitisha kidole kwenye kila mahali alipochomelea, moja moja, taratibu, kama daktari. Hakuna hata kiungo kimoja kilichoachia. Halafu akarudisha kokoto zangu zote mahali pake, akazisawazisha, akaondoka. Alifunga geti vizuri, akaingiza mkono kwenye tundu ili asukume komeo la ndani.

Mimi nilikuwa nimevua kandambili nisisikike. Mwanamke wa miaka sitini na moja, amejificha nyumbani kwake.

Alhamisi, 12 Juni

Saa sita mchana Afande Ocen ameniita ukutani. Uso wake umechangamka. Amezungumza na vijana wake wa zamani kazini. Wamemchukua Ssalongo asubuhi, kibandani kwake, wateja wakiona. "Atajifunza, Mwalimu. Mutu anachomelea vyuma kama anabandika stempu!"

Nikasema asante.

Asante! Nimeandika neno hilo nilitazame. Nimesali adhuhuri nikapoteza hesabu ya rakaa. Nikarudia. Nikapoteza tena. Nimefagia baraza. Nimepika, sikula. Kituo si mbali, boda ya dakika ishirini. Sikwenda. Nilijiambia labda wamemwachia.

Hawakumwachia. Nililijua hilo pia.

Ijumaa, 13 Juni

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Afande. Alikuwa kwenye kigoda anapiga viatu rangi. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningeanza kuzungusha maneno. Kwamba Ssalongo alinikataza kubeba mtu. Kwamba nilikubali. Kwamba nilifunika mbao kwa kokoto. Kwamba nilikimbiza treni ili dada yangu aone.

Brashi ikasimama.

"Ulisema ni fundi."

"Nilidanganya."

"Mke wangu anatapika chini, wewe unadanganya?"

"Ndiyo."

"Na jana nimekuambia wamemushika. Ukasema asante."

"Ndiyo, Afande."

Mama Aber alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Sijui tangu lini. Akarudi ndani.

Afande akavaa viatu, akatoa gari. Pale kaunta alimwambia askari, "Huyu mama ana maneno. Aseme mwenyewe." Nikasema. Askari mdogo kuliko wanafunzi wangu wa mwisho aliandika, akaniuliza herufi za jina langu. Nikatia sahihi.

Ssalongo akatoka ameshika mkanda wa suruali mkononi. Amelala na nguo za kazi. Nikasema nisamehe, Ssalongo. Alivaa mkanda kwanza. Akamaliza.

"Hajati, siku ileile ungesema umekosea, ningekuja nifunge vyuma, basi, tunakunywa chai. Uliniharibu mbele ya watu. Sasa unaniomba musamaha hapa, kuna nani? Kuna ukuta."

Akapanda boda, akaenda.

Jumamosi, 14 Juni

Nimewapigia simu wote wa siku ya Idi. Mmoja mmoja. Waje kesho saa tisa. Rukia ameuliza kuna nini, nikamwambia. Akasema, "Zuhura, yamekwisha, mtu ameshatoka. Unataka kutuaibisha kwa ajili ya fundi?" Nikamwambia aibu ipo tayari, anaisikia leo tu. Akakata simu.

Nimemtumia Ssalongo ujumbe. Hajajibu.

Jumapili, 15 Juni

Walikuja kumi na mmoja. Rukia pia, mtandio mweusi kama anakuja matangani. Ssalongo alikuja na mkewe, Nnalongo, mama wa wale pacha wake. Walisimama karibu na geti. Niliwapelekea viti, hawakukaa.

Nilidhani nitatoa hotuba. Niliandika hata karatasi. Nilipofungua mdomo sikuiona. Nikachukua jembe nikaparua zile kokoto nyeupe mpaka mbao zikatokea, zimepasuka, watu wakasogea kuona. Nikasema, "Kuchomelea hakuna kosa. Mbao ndizo zilizokufa, na niliambiwa. Nikazificha. Nikampandisha Mama Aber nikijua. Halafu nikamsingizia huyu." Nikamnyooshea mkono Ssalongo. Ilichukua dakika mbili. Wiki nzima nimezikimbia dakika mbili.

Betty alitazama viatu vyake, akasema bembea ameshampa fundi mwingine, vyuma vimeshakatwa. Alimwambia Ssalongo pole. Ssalongo akasema, "Ndiyo, Madam." Kazi hiyo hairudi, na mimi ndiye niliyeichukua.

Rukia alibeba mkoba wake akaenda garini bila kuniaga.

Nikamfuata Nnalongo getini, nikaanza tena nisamehe, nisamehe. Akanikatiza. Si kwa hasira.

"Watoto walikuwa kibandani siku hiyo. Waliona. Wanauliza kama taata yao ni mwizi. Mimi nimesema hapana. Bado wanauliza. Ukuje uwaambie wewe."

Jumanne, 17 Juni

Katwe. Nilifika saa kumi na moja, watoto wametoka shule. Wasswa na Kato, miaka tisa. Kelele za nyundo pande zote. Majirani wa kibanda walipunguza kupiga walipoona nimeingia, hivyo wakasikia. Sawa. Walistahili kusikia.

Niliwaambia baba yao hakuiba wala hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, nikasema uongo kwamba ni yeye, polisi wakaamini uongo wangu. Kato alijificha nyuma ya mama yake. Wasswa alinitazama usoni muda wote.

"Sasa wewe watakufunga?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kumpa mtoto. Nilifundisha watoto maisha yangu yote. Kwa sababu ninakaa Mbuya, kwa wenye nyumba kubwa. Kwa sababu jirani yangu ni Afande. Kwa sababu mimi ni Hajati na baba yako ana masizi mikononi. Niliyajua yote, na hakuna hata moja lililotoka.

"Sijui," nikasema. Uongo mwingine.

Ssalongo hakuacha kazi. Alikuwa anachomelea kitanda cha hospitali, kioo cheusi usoni. Nilipoondoka alikiinua kidogo, akainamisha kichwa mara moja. Si kwaheri, si karibu tena. Nimeichukua ishara hiyo hivyo ilivyo.

Jumapili, 29 Juni

Treni iko chini ya turubai. Sijaigusa, na sijamwomba mtu aje kuitengeneza. Rukia hajapiga simu.

Asubuhi nilibisha kwa Mama Aber. Nilikuwa nimejiandaa kurudishwa mlangoni, maana tangu ile siku tumesalimiana ukutani tu. Afande alikuwa ametangulia kanisani na majirani. Yeye alikuwa kwenye kioo, amevaa nusu, anahangaika na kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja. Kimeanguka mabegani mara ya tatu, alisema. Alisema kwa kioo, si kwangu.

Nikaweka mkoba chini. Nikasimama nyuma yake, nikakikunja, nikakizungusha, nikafunga fundo kisogoni. Nywele zake zina mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Redio ya jirani ilikuwa inaimba kwaya.

Akajaribu kugeuza kichwa, kushoto, kulia.

"Kaza kidogo," akasema. "Kinateleza."

Nikakaza.