Kifaru Chetu Hakichomwi

Malindi, Jumapili, Julai 1986

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua nyembamba ya kusi inayomlowesha mtu kidogo kidogo mpaka nguo inamshika mwilini. Rangi niliyopaka jana haijakauka.

Leo nimemfukuza shemeji yangu nyumbani.

Nilidhani nikiliandika neno hilo nitaona haya, maana tumelelewa kumheshimu kaka wa mume, kumtandikia mkeka na kumletea maji ya kunawa. Nimeliandika. Sijaona haya.

Niseme mambo yalivyo. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko pale dirishani na riziki yetu inatoka hapo. Mume wangu, Katana, alikuwa mwanajeshi. Kazi yake ilikuwa kulenga mzinga ndani ya kifaru, si yule mnyama, ni kile cha chuma kinachotembea kwa minyororo. Siku moja wakiwa mazoezini moto uliwaka ndani ya kifaru hicho. Mwenzake mmoja alikufa humo. Katana alitoka hai, lakini macho yake yaliungua, na tangu siku hiyo haoni.

Aliporudi alikaa kwenye kiti akanyamaza. Watu wakija kumpa pole aliitikia salamu, basi. Mama yake, mavyaa wangu, alitukataza sote kumtajia jeshi wala moto wala kifaru. Neno likimponyoka mtu, mwingine alikohoa na mazungumzo yakahamia kwenye mahindi. Miaka ikapita hivyo. Nikawa nalala na mume ambaye sijui kilichompata.

Nilichoka.

Mwaka jana, siku moja nikiwa nakunja vitambaa, nikamuuliza, "Katana, humo ndani mlikuwa mnakaaje?" Sikuuliza kwa hekima yoyote. Niliuliza kwa hasira, kwa sababu asubuhi ile mteja alikuwa ameniuliza mume wangu aliumiaje, nami mkewe sikuwa na jibu. Nilitegemea atanyamaza. Akasema, "Nipe kibiriti." Akakilaza mezani, akaweka kigurudumu cha uzi juu yake, akachomeka sindano ya kufumia ikawa ndiyo mzinga. Akaanza kunieleza, kisha akakisukumia mbali chote.

"Ni kidogo. Mikono yangu haiingii. Mkono usipoingia mimi sioni kitu."

Nikamwambia basi nitamtengenezea kikubwa.

Hivyo ndivyo meza yetu ya chakula ilivyochukuliwa. Sisi tunakula mkekani. Kifaru kimeijaza meza, na mzinga wake unatokeza nje kiasi kwamba anayepita lazima ainame.

Mwili wake ni plaiwudi, mabaki niliyoyaomba kwa seremala wa hoteli. Magurudumu makubwa ni vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupikia, nimevipachanisha viwili viwili na kuvizungushia mpira wa tairi ya baiskeli. Yale madogo ya juu yanayobeba mnyororo ni vigurudumu vya nyuzi zangu zilizokwisha. Minyororo yenyewe nimeitengeneza kwa sandali kuukuu za tairi, kipande kwa kipande, nikaviunga kwa waya. Vidole vyangu vilitoka malengelenge. Nilipomaliza upande mmoja Katana akaupapasa, akasema vipande vyote vimelala kinyume. Nikafungua vyote. Nikalia kidogo, nikaanza upya.

Ninachojivunia zaidi ni mishono. Chuma kikiungwa kwa moto huacha mstari uliovimba, mbaya, kama kovu la jeraha. Nililowesha uzi mnene katika gundi, nikaulaza kwenye kila kiungo, nikaufinyafinya kwa ncha ya sindano kabla haujakauka. Katana alipitisha kidole juu yake, akasita, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Umekiona wapi?" akaniuliza.

Sijakiona popote. Nimeshona tu.

Hata rangi tuligombania. Nilichanganya kijani cha kupaka mageti na nyeusi kidogo, akataka nimweleze ni kijani kama cha nini. Nikasema kama jani la mkorosho lililoshika vumbi. Akasema ongeza nyeusi. Nikamwambia, "Wewe huoni, rangi inakuhusu nini?" Akajibu, "Wewe unaona."

Watu walisema, bila shaka. Kanisani wakasema mimi, Dama, ninaabudu sanamu. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Kuna aliyekwenda kushtaki kwamba tunaficha silaha, na ndipo akaja askari mmoja amevaa koti la mvua. Alikizunguka kifaru, akachungulia chini ya meza, akauliza kama kichwa chake kinageuka. Nikamwambia ageuze. Akageuza kushoto, akageuza kulia, akacheka peke yake, akaenda zake.

Lakini siandiki hapa ili nijisifu tu. Tangu tuanze kazi hii, Katana anapiga kelele usingizini. Anaamka amelowa jasho, akipapasa ukuta. Kahindi, shemeji yangu, ambaye anafanya kazi ya chumvi Marereni, alilala kwetu siku moja akazisikia, naye ndiye aliyempelekea mama habari. Mara nyingi nimejiuliza kama ninamponya mume wangu au ninamuumiza. Sijui. Ninachojua ni kwamba zamani hakupiga kelele wala hakucheka. Sasa anafanya yote mawili.

Mwezi uliopita tulifika kwenye kazi ya ndani. Paa la kile kichwa kinachogeuka, lenye milango miwili midogo ya kutokea, linainuka kama kifuniko cha sufuria ili mikono iingie. Nilishona viti vidogo vya turubai nikavijaza sufi. Cha dereva kule mbele, cha kamanda, na chake yeye. Nikadhani tumemaliza.

"Bado kiti cha Musyoka," akasema.

Musyoka ndiye yule aliyekufa. Kazi yake ilikuwa kuupakia mzinga. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa Katana. Nikamuuliza kiti chake kikae wapi. Akakishika kidole changu akakiweka upande wa kushoto, moja kwa moja chini ya mlango mmoja wa juu. Nikakishona, nikakipachika, sikuuliza zaidi.

Sasa nifike leo.

Baada ya ibada walikuja, Kahindi na mama yake, wamelowa. Nikamwamkia mavyaa, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," lakini hakukaa. Kahindi alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya taa. Hakuzungusha maneno.

"Shemeji, familia imekaa ikaamua. Kitu hiki kinachomwa leo."

"Mvua inanyesha," nikasema. Ndilo jibu lililonijia.

"Kitawaka tu."

"Ndugu yako huyo hapo. Muulize."

"Ni mgonjwa," akasema Kahindi. "Mgonjwa haulizwi."

Alisema hivyo Katana akiwa amekaa pale pale, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwake. Nilimwona mume wangu akiinamisha kichwa kama mtoto aliyekaripiwa. Nadhani hapo ndipo hofu yangu yote ilipokwisha.

Kahindi akaweka chupa chini, akakikumbatia kifaru, akakinyanyua. Kizito kile! Mnyororo mmoja ukachomoka ukawa unaburura. Mimi nikawahi mlangoni nikasimama katikati. Akaja nacho moja kwa moja, akidhani nitampisha. Sikumpisha. Alipojaribu kunikwepa mzinga ukagonga fremu ya mlango, ukavunjika.

"Kahindi," nikasema. Tangu niolewe sijawahi kumwita kwa jina lake. "Rudisha mezani. Nyumba hii kodi yake inalipwa na cherehani ile. Rudisha, halafu utoke."

"Unanifukuza mimi?"

"Ndiyo, nakufukuza."

Mavyaa akashika kifua. Kahindi akamtazama mama yake, akingoja amwambie la kufanya. Nilijua anaweza kunipiga. Nikashika fremu za mlango kwa mikono miwili nikangoja.

Aliyesema ni Katana. Alikuwa amesimama.

"Kahindi, umemsikia mke wangu. Rudisha."

Alikirudisha kwa kukibwaga. Akachukua chupa yake, akapita pembeni yangu akisema, "Akipata wazimu msiniite." Nikampisha vizuri kabisa. Akatokomea mvuani.

Mama yake hakumfuata. Katana akanyoosha mkono hewani. "Mama, njoo hapa." Akamvuta mpaka kwenye meza, akainua lile paa, akauingiza mkono wa mama yake ndani ya kifaru pamoja na wake.

"Hiki kiti changu," akamwambia. "Juu yangu kulikuwa na mlango wa kamanda. Siku ile ulikuwa umekwama. Kamanda na dereva walikuwa tayari wameshuka nje, tukabaki wawili. Sasa papasa huku. Hiki ni cha Musyoka. Umekipata?"

"Nimekipata."

Akautoa mkono wa mama yake, akalirudisha paa mahali pake, akauingiza tena kupitia mlango mdogo ulio juu ya kiti hicho. "Inua mkono juu. Unagusa nini?"

"Sigusi kitu. Ni wazi."

"Ulikuwa wazi hivyo hivyo, mama. Naye alikuwa chini yake. Angesimama tu, angekuwa nje."

Mvua ilikuwa inapiga mabati na bado nilimsikia mavyaa akivuta pumzi.

"Hakusimama," akasema Katana. "Alinivuta kutoka kwenye kiti changu, akanipitisha mimi kwanza. Mimi nilikuwa sioni tena, sikujua juu ni wapi. Alinisukuma kwa mabega yake kutoka chini. Nilipoanguka nje nikasikia moto ukipiga mara ya pili."

Mimi nilikuwa nimesimama na kipande cha mzinga mkononi. Kiti kile nilikishona mimi. Nilichagua turubai, nikashindilia sufi, nikalalamika kwamba ni kidogo mno kwa macho yangu. Sikujua ninashona nini.

Nilitegemea mavyaa ataanza kuomba, au kulia, au kusema yaliyopita yamepita. Akauliza, "Ana mama?"

"Nani?"

"Huyo Musyoka. Mama yake yuko hai?"

"Yuko Kitui. Musyoka alikuwa hapitishi siku bila kumtaja."

"Nani amemwambia haya uliyoniambia?"

"Waliambiwa alikufa mazoezini."

"Sikukuuliza hilo, Katana."

Katana akasema, "Hakuna."

Mavyaa akatoa mkono wake polepole asivunje kitu. Akajifuta uso kwa ncha ya leso, akanigeukia mimi, na nilidhani sasa zamu yangu imefika, nitalipia yale niliyomfanyia mwanawe mkubwa. Akasema, "Kuna mwanamke mwenzangu huko amekaa miaka hajui mwanawe alifanya nini. Na mimi hapa ninakula na kulala na mwanangu. Mtakwenda lini?"

Nikasema mzinga umevunjika.

"Utengenezeni. Na mimi nitakwenda. Mambo kama haya mama huambiwa na mama."

Sasa ni jioni na mvua haijakoma. Mavyaa amekataa kurudi kwake, amejilaza kitandani mwetu na viatu vyake viko mlangoni kama vya mwenye nyumba. Katana anakirudishia kifaru mnyororo, akihesabu vipande kwa vidole, akinung'unika juu ya waya wangu. Kahindi sasa yuko njiani kwenda Marereni, na kufikia kesho watu wote wa chumvi watajua kwamba mke wa ndugu yake amemfukuza kama mbwa. Aseme. Kufukuzwa amefukuzwa. Atakaponijia kwa heshima atakuta mkeka wake umetandikwa. Mafuta ya taa ayaache kwake.

Wakati kelele za usiku zitakaporudi, na najua zitarudi, nitaziamkia. Sitaki tena nyumba iliyonyamaza.

Kitui sijafika. Kikamba sijui, Katana anajua kidogo cha jeshini, kingi chake ni matusi. Hatujui hata nyumba yenyewe iko upande gani. Tutauliza.

Mavyaa ameniita sasa hivi kutoka chumbani, hajalala kumbe. Anataka kujua kitu kikubwa kama hiki kitafikaje huko. Nimemwambia kwa basi, juu kwenye mizigo, kimefungwa turubai na kamba. Akauliza, na kondakta akikataa?

Nimemwambia basi hilo litaondoka bila sisi, na sisi tutasimama pale pale stendi na kifaru chetu mpaka lije jingine.