Soketi Ni Nzima, Mgonjwa Ni Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimechoka mpaka chai naimimina naiacha ipoe, na jambo lenyewe naona aibu kulisema kwa sababu limeanzia kwenye mswaki. Mama mkwe wangu, Ivy, tunaishi naye hapa Keighley, Uingereza, tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia hauna nguvu, daktari wa meno akamwambia atumie mswaki wa umeme, na mama yule bado ana meno yake mwenyewe na anaringa nayo, basi tukanunua, tukauweka bafuni kwenye ile soketi ya mashine ya kunyolea iliyo chini ya taa ya kioo cha kujitazamia, kwa kuwa plagi yake ni ya pini mbili na nyumba nzima hakuna pengine inapoingia. Kila asubuhi mswaki hauna chaji. Mama anabaki na povu mdomoni, na mume wangu Trevor anaanza.

"Mama, hukuurudisha kwenye kitako chake cha chaja tena."

"Niliurudisha, we mtoto."

"Umesahau tu, mama."

"Nimepooza mkono, Trevor, sijapooza kichwa!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimjibu mwanzoni, siku hizi hamjibu, ananivuta mimi pembeni ananiuliza kwa sauti ndogo, "Glenda, hivi kweli niliurudisha?" na mimi nakosa la kusema, nanyamaza. Trevor si mtu mbaya, aliijaribu ile soketi, aliingia bafuni, akawasha taa, akachomeka chaja, kitaa cha kijani kikawaka, akatoka kifua mbele akasema, "Soketi ni nzima, mgonjwa ni mama." Tangu hapo kila kitu anakihesabu kuwa ni usahaulifu, miwani ikipotea, chai ikitiwa maziwa mara mbili, ingawa mimi namwona mama hasahau hata kuvuta ile kamba ya kuzimia taa anapotoka bafuni, maana hawezi kuvumilia kuona taa inawaka chumba kitupu na ndivyo alivyomlea Trevor. Jumatatu tunakwenda kuangalia chumba katika nyumba ya kutunzia wazee huko Skipton. Mama ameanza kukunja nguo zake bila kuambiwa. Nimenunua ekstensheni niipitishe chini ya mlango wa bafuni, jirani kanifundisha nikichokonoa tundu la juu kwa kalamu plagi ya pini mbili itaingia, lakini naogopa. Je, nipigane na mume wangu, au nimwache mama aende?

Glenda, Keighley

Pole sana, Glenda. Uchovu wako nimeusikia. Sasa nisikilize.

Ekstensheni irudishe dukani leo. Na huyo jirani mwambie kalamu ni ya kuandikia. Bafuni kuna maji, kuna miguu mitupu, na kuna mama mwenye mkono mmoja wa kujishikia. Unataka umzike?

Tuje kwenye mswaki. Mumeo aliipima soketi taa ikiwa inawaka. Je, huo mswaki unachajiwa taa ikiwa inawaka? Soketi nyingi za namna hiyo, zilizoungana na taa ya kioo, hupata umeme taa ikiwashwa tu. Mama anaurudisha mswaki vizuri, anavuta kamba kama mtu mwenye adabu zake, na umeme unakatika hapo hapo. Ingieni bafuni wote wawili, chomekeni chaja, vuteni kamba, mkitazame hicho kitaa cha kijani. Kikizimika, mgonjwa mmempata. Kisipozimika, pelekeni mswaki dukani wakaangalie betri. Hata hapo si sababu ya kumhamisha mtu.

Halafu aje fundi umeme aliyesajiliwa, na fundi huyo asiwe Trevor. Afunge soketi ya kunyolea inayojitegemea, yenye transfoma yake ndani, mbali na hodhi la kuogea, yenye umeme muda wote. Muulizeni kama imetengenezwa kuchaji miswaki pia, si kunyolea tu. Mswaki uingie upande ulioandikwa volti 230, si ule wa 115, na mashine yako ya kukaushia nywele isiisogelee soketi hiyo, haiwezi kuibeba. Kabla hajaondoka, aipime mbele yenu taa ikiwa imezimwa.

Nawe umenikera, Glenda. Mama anakuuliza kama bado ana akili, unanyamaza? Ungemwambia tu, "Sijui, mama, tutazame pamoja." Ingetosha.

Ukishakiona kitaa kimezimika, pigeni simu Skipton mfute hiyo Jumatatu. Na usikubali Trevor apite mlangoni aseme, "Kumbe ilikuwa soketi, mama," kisha aende zake. Mlimwambia mtu mzima kwamba akili zimemwondoka, naye akawaamini. Trevor akae chini mbele yake amwombe radhi kwa hilo, na asiinuke mpaka mama yake amtukane. Akimtukana vizuri, hapo mjue Ivy wenu amerudi.