Usilinywe Kombe la Shangazi

Mwanangu Ammar,

Sie wazima, na paka wako kazaa tena uvunguni. Shangazi yako Rawiya kakuandikishia kombe la utulivu, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji ya mawaridi, maana tangu utoto hukai kitako. Usilinywe, baba. Daktari alisema akili yako imeumbwa hivyo, haitulii ila irukeruke. Kocha wako akanambia kuruka huko ndiko kunakoiona ngumi kabla haijakufika. Ukitulia ulingoni leo jioni, utauliwa.

Shangazi kaondoka nalo kwa boti ya asubuhi, akunyweshe kwa mkono wake. Nawe humkatalii.

Barua hii nampa Kheir, baharia wa boti ya mchana. Nakuombea kiu isikushike kabla hujaisoma.

Mamaako,
Rahila