Luteni Aliyerudi Kunichukua

Mjukuu wangu Divine,

Natumaini huko uliko baridi imepungua. Mimi ni mzima. Shangazi yako amehamia Cibitoke, kwa hiyo hapa Kinanira nakula peke yangu.

Umeniuliza kama vitani niliwahi kuona mtu jasiri. Nilimwona luteni wetu. Waasi walipotuvamia mlimani, nilipigwa risasi ya mguu, na wenzangu wakakimbia. Yeye alirudi akitambaa, risasi zikipita juu yake, akanibeba mgongoni.

Tulipofika barabarani, alinishusha, nikamuuliza:

“Luteni, uliogopa?”

“Sana. Lakini we ungebaki kule peke yako.”

Mwaka jana aliugua, naye hakuwa na mke wala mtoto. Nilikaa kando ya kitanda chake hadi alipokata roho.

Niandikie, hata mistari miwili.

Babu yako